Ziwa la Mlango wa Jikoni

Machi 3

Nimefika na mvua, au mvua imefika na mimi. Bado hatujaelewana nani kamleta nani. Dereva wa mradi aliniacha juu barabarani, akasema gari lake halijui kuteleza kwa heshima. Nikateremka kwa miguu, begi kichwani, viatu mkononi.

Niandike kazi yenyewe hapa, maana kila anayeniuliza namjibu tofauti. Kuna mpango wa kujenga bwawa katika bonde hili. Wahandisi wanapima maji ya umeme na ya kumwagilia mashamba. Mimi napima raha. Sura yangu katika ripoti inaitwa "Uwezekano wa Burudani": watu watapiga makasia wapi, wataogelea wapi, watatupa ndoana wapi, wataketi na watoto wao chini ya kivuli kipi siku ya mapumziko. Ziwa lenyewe halipo. Natakiwa kutembea msimu mzima wa mvua mahali pasipo na ziwa na kuandika jinsi linavyopendeza.

Ukuta wa bwawa umependekezwa kwa vimo viwili. Ukiwa mfupi, ziwa litakuwa dogo na litaishia huko chini kwenye korongo, mpakani mwa malisho. Ukiwa mrefu, maji yatafunika nyumba zote za chini na kupanda mpaka hapa nilipolala. Mhandisi Mkuu anautaka mrefu. Aliniambia mapema, nikiwa bado natafuta mwavuli wangu: "Umeme peke yake haufikishi mizani. Raha yako ndiyo itakayoongeza uzito. Andika vizuri."

Naipenda kazi hii kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Na sijui kuogelea. Haya, nimesema.

Machi 4

Nimepanga chumba kwa mjane mmoja. Kitanda, meza, msumari wa kutundikia nguo, dirisha linalotazama bondeni. Jiko limejitenga nyuma ya nyumba, chini kidogo, unalifikia kwa vidato vya mawe. Mwenye nyumba ni mwembamba na ulimi wake hauna breki. Namwita Mama, kama wanavyomwita wote.

"Ndiwe unayetuletea maji?" aliniuliza hata sijakaa.

"Siyaleti, Mama. Nayatathmini."

"Basi yatathmini yakiwa kwenye ndoo, ukimaliza uyapitishe jikoni."

Nikachukua ndoo.

Machi 6

Leo nimezunguka na Mpimaji, kijana wa mradi aliyeweka vigingi mwaka jana. Vigingi vyekundu vinaonyesha maji yatafika wapi ukuta ukiwa mrefu. Tumevifuata kutoka kilima hadi kilima, vichakani, kwenye migomba, nyuma ya choo cha shule, hadi nikaona paa ninalolijua. Kigingi kimesimama kati ya nyumba ya Mama na jiko lake. Ziwa litachukua jiko, nyumba itabaki ufukweni.

Nilimwambia jioni, kwa tahadhari. Nilidhani atalia.

"Kwa hiyo nitapika nimelowa, nilale mkavu," alisema.

"Hapana, Mama. Utahamishwa. Wote walio karibu na mstari watajengewa nyumba nyingine huko juu."

"Nyumba ni udongo, mwanangu. Udongo upo hata huko juu." Akaendelea kukuna chungu. Nikaona ni mtu wa moyo mgumu, nikaenda kulala.

Machi 9

Nimegundua saa yangu ya kuniamsha. Kila asubuhi mwanamke huita kutoka ng'ambo ya bonde, na sauti inaingia dirishani kama imealikwa.

"Umeamkaje, wee?"

Mama hutoka na kuweka viganja mdomoni. "Nimeamka! Na wewe?"

"Mgongo tu! Una chumvi?"

"Chumvi ninayo! Akili ndiyo imepungua, njoo na yako!"

Ni dada yake wa tumbo moja, mkubwa kwake. Aliolewa ng'ambo, huyu akaolewa huku, na hapa bonde ni jembamba kiasi kwamba nyumba zao zinatazamana usoni. Kwangu huyo ni Mama Mkubwa. Kila siku huteremka, huvuka mto juu ya mawe na kupanda kwetu na kikapu kichwani, akicheka kabla hajafika. Ni mnene, mzee kuliko mwenzake, na ana nguvu za kutuaibisha sote.

Nilimuuliza Mama kwa nini yeye haendi kule hata siku moja. "Nani atabaki na kuku?" alisema. Kuku wenyewe ni watatu.

Machi 14

Leo nimeteremka peke yangu mpaka kwenye mto, kwenye Mawe, pale anapovukia Mama Mkubwa. Mvua ilikuwa imepumzika. Nikasimama katikati, nikainua macho juu, nikatafuta vigingi. Vilikuwa mbali huko juu, vinukta vyekundu kwenye kilima. Nikajaribu kuyaona maji yakiwa yamejaa mpaka pale.

Mwewe alikuwa anazunguka juu yangu, ametulia, mbawa wazi. Nikakadiria kwa vigingi, nikaona kwamba hata yeye yuko chini ya maji. Mwewe anaogelea! Samaki watapita alipo, na juu yake kabisa mtoto wa mtu atakuwa amelala chali kwenye boti, anakula karanga, hajui kwamba chini yake kuna mto mwingine wenye mawe na mimi nimesimama juu yake.

Mwili ulinisisimka mpaka nikakaa. Nilikotoka mimi maji yalikuja kwa mkokoteni, yanasukumwa na mtu anayetukana. Maji mengi kiasi hiki kuyafikiria tu ni kama kuingia nyumba ya ibada. Nimelitaka ziwa hili leo kwa moyo wangu wote, na niliandika kurasa sita bila kuinua kalamu.

Machi 15

Mvua.

Machi 16

Mvua.

Machi 17

Mvua. Mama anasema kama raha yenyewe ni maji, yeye keshafurahi vya kutosha.

Machi 22

Mwenye duka wa juu barabarani amepaka rangi ubao mpya: UFUKWENI. Hapo dukani, ukitaka kuloweka mguu, itabidi uteremke mlima. Lakini amesikia habari za ziwa na hataki kutanguliwa. Ameagiza maboya ya kuogelea, anayatundika mlangoni pamoja na majembe.

Mama Mkubwa alikuwa ananunua sabuni. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alimwambia. "Majembe yako bado yanauzika?"

"Hayauziki, wanasema wanangoja ziwa," alisema mwenye duka kwa huzuni.

Machi 30

Nimemaliza mchoro mkubwa. Nimeupaka rangi mwenyewe, usiku na mchana, na sijawahi kuchora kitu kizuri hivi. Ziwa la buluu limejaa mpaka kwenye vigingi. Vilima vimegeuka visiwa. Gati hapa chini ya nyumba ya Mama, ufukwe wa kuogelea pale penye mteremko wa taratibu, njia ya matembezi kuzunguka, mahali pa kutazamia jua likizama. Nimepiga picha nikamtumia Mkuu. Akanipigia papo hapo.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta," alisema. "Nimekusanya watu ofisini wanaitazama. Hakuna anayeongea."

Nilitembea chumbani nikicheka peke yangu.

Machi 31

Mama aliingia kuleta chai akaukuta mchoro mezani. Aliutazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama watu wanavyotazama kitu cha dukani wasichokusudia kununua.

"Dada yuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Ufukwe wa pili.

"Na mimi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole gumba kwake na kidole cha kati kwa dada yake, vikatanuka mpaka mwisho na bado havikufika.

"Na njia?"

Nikaeleza. Watu watapita juu ya ukuta, kule mwisho wa bonde. Ni safari ya siku nzima kwa gari, na gari litakuwepo. Boti pia zitakuwepo.

"Boti za kwenda kwa dada, au boti za kuzunguka na kurudi?"

Nikakunja ncha ya mchoro, maana kwenye ripoti nimeandika za kuzunguka na kurudi.

"Ni mchoro mzuri," alisema, akaondoka. Chai ilipoa.

Aprili 10

Mto umepanda, Mawe hayaonekani. Mama Mkubwa hakuvuka. Wameitana asubuhi, wakaitana tena mchana, halafu mvua ikawa nzito na sauti haikupita.

Mama alipika kama kawaida, kisha akapakua sahani tatu. Aliitazama ile ya tatu, akanisogezea. Nilikula zote mbili.

Aprili 13

Mto umeshuka. Mama Mkubwa kaja, kakaa mpaka alasiri, na aliporudi nikambebea kikapu hadi kwenye Mawe. Nilimwambia kwamba ningefurahi siku moja Mama naye aje kwake, abadilishe hewa.

Alisimama akaniangalia. "Hajakwambia? Huyu ndiye aliyekuwa msafiri. Miaka yote yeye ndiye aliyekuja kwangu, mimi nilikuwa mvivu, nangoja nikiwa nimenyoosha miguu. Siku walipoweka vile vigingi akaacha. Hajavuka tena hata mara moja."

"Kwa nini?"

"Anajizoesha."

Sikuelewa, akaona sikuelewa.

"Anajizoesha kutonifikia, mwanangu. Anataka siku maji yakija yamkute keshazoea. Anadhani sijui. Huyo nimembeba mgongoni, nitashindwa kumjua?"

"Na wewe, Mama Mkubwa?"

"Mimi sitaki kuzoea. Mimi nakuja kila siku ili nishibe."

Akachukua kikapu chake, akavuka, jiwe baada ya jiwe, akiyatukana moja moja kwa majina. Nimepanda mlima huku nimemkasirikia Mama, kisha nimejikasirikia mimi. Moyo mgumu niliouona ule mwezi wa tatu haukuwa mgumu hata kidogo.

Aprili 19

Niandike yote kabla hayajanitoka, ingawa sidhani kama yatanitoka.

Mvua ilikatika alfajiri. Mama aligonga mlango wangu.

"Amka. Ziwa lako limefika."

Nilidhani ni mzaha wake wa kila siku. Nikajifunga kanga nikamfuata mpaka kwenye vidato vya jikoni, na hapo nikasimama.

Ukungu ulikuwa umelijaza bonde. Sisemi ulitanda, nimeona ukungu mwingi ukitanda. Huu ulikuwa umejaa, umelala sawasawa kama maziwa kwenye sufuria, na ukingo wake ulipita kwenye kigingi chekundu kabisa. Kidato cha kwanza kilionekana. Cha pili kilikuwa kivuli. Cha tatu hakikuwepo. Paa la jiko lilichungulia kama mashua iliyopinduka. Kutoka hapo mpaka ng'ambo kulikuwa na weupe mtupu, umetulia, na vilima vimesimama ndani yake na kugeuka visiwa, vile vile nilivyovichora, kile kikubwa na vile viwili vidogo vinavyofuatana. Jua likachomoza. Uso wote ukashika rangi ya waridi, kisha dhahabu.

Nililia. Siku hizi zote nilikuwa naliandika kwa kukisia, na sasa lilikuwa mbele ya miguu yangu, limenizidi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, nilikuwa nalisikia tu neno hilo tangu utotoni.

Mama alisimama kando yangu. Kisha akasema, polepole, "Ni pazuri." Na baadaye kidogo, "Kumbe ni pazuri hivi."

Alilisema kama mtu aliyeshindwa kesi na kukubali kwamba hakimu alikuwa na haki. Nikamtazama, nikaogopa.

Hapo ndipo jogoo alipowika, chini. Chini kabisa, ndani ya ule weupe. Akajibiwa na mwingine. Mbwa akabweka. Mtu akaanza kupasua kuni, tunasikia kila pigo, na mama mmoja wa nyumba za chini akamwita mwanawe aamke anachelewa shule. Uso wa ziwa haukutikisika. Watu wote wa chini walikuwa wameamka na wanaishi siku yao chini ya maji.

"Umeamkaje, wee!"

Mama Mkubwa alikuwa amesimama ufukweni kwake, mdogo, na kikapu chake kichwani.

"Unaona?" Mama aliita.

"Naona! Nakuja!"

"Ngoja! Ngoja kwanza liondoke!"

Hakungoja. Akaanza kuteremka. Tukaona miguu ikiingia, kisha kiuno, kisha mabega. Kichwa kikabaki juu kidogo. Kisha kikabaki kikapu tu, kinaelea peke yake, kikienda kushoto na kulia kufuata njia. Kisha nacho kikazama.

Mama alinishika mkono, kucha zikaniingia.

Tulisubiri. Sijui ni muda gani. Nilijua vizuri kabisa kwamba ule ni ukungu, hewa na unyevu, nimesoma na nina cheti, lakini hata mimi nilikuwa nimebana pumzi. Mama aliita, "Dada!" Hakuna jibu. Akateremka kidato cha kwanza, weupe ukamfika kwenye vifundo. Akateremka cha pili, ukamfika magotini. Hapo akasimama kama mtu aliyefungwa kamba.

"Dada! Dada wee!"

Sauti ikaja kutoka chini kabisa ya ziwa, imechoka na ina hasira. "Niko huku! Acha kelele, unafukuza samaki!"

Nilicheka mpaka nikakaa. Mama hakucheka. Alibaki pale, ukungu magotini, mikono mbele, mpaka kikapu kilipotokeza, kisha kilemba, kisha uso mpana unaotoka jasho, kisha mtu mzima mzima, nguo zimelowa na matone yamejaa kwenye kope zake. Alitoka majini. Hakuna namna nyingine ya kuandika. Mama alimshika mikono yote miwili akamvuta kama anayemtoa mtu kisimani, akaanza kumfokea: una akili gani, kwa umri wako, ungeteleza nani angekuona. Alifoka huku analia, na Mama Mkubwa alimwacha afoke, anampangusa uso kwa ncha ya kanga yake mwenyewe iliyolowa.

Niligeuka nisiwatazame. Ndiyo maana nikaona kilichofuata. Jua lilikuwa limepata nguvu, na ziwa lilianza kushuka. Halikutawanyika. Lilishuka usawa ule ule, kidogo kidogo, na kila liliposhuka liliacha mteremko mtupu, wa kahawia, unaong'aa kwa maji. Kidato cha tatu kikatoka. Jiko likatoka. Shamba la viazi likatoka. Ukanda wa udongo ukapanuka kati yangu na ziwa, ukapanuka tena, mpaka gati langu zuri, kama lingekuwepo, lingekuwa limesimama juu ya tope, na maji yako kule, mbali, yanametameta ambako hakuna mtoto angefika na viatu.

Nikasimama. Nikaenda chumbani kumtafuta Mpimaji kwenye simu.

Aprili 21

Mpimaji amenipa vipimo vya mto vya kiangazi. Tumekaa navyo tangu juzi. Kwa ukuta mrefu, ziwa litajaa mpaka kwenye vigingi mwisho wa masika, kisha mitambo na mashamba yataanza kulinywa, na litashuka. Sehemu kubwa ya mwaka litakuwa chini, mbali, limezungukwa na tope pande zote. Pale nilipochora ufukwe wa kuogelea, kwa sababu mteremko ni wa taratibu, ndipo tope litakuwa pana kuliko kwingine. Kwa ukuta mfupi, ziwa ni dogo lakini limekaa kwenye korongo lenye kingo za mawe. Likishuka, linashuka wima kwenye mawe hayo. Ufukwe hauhami.

Hili si jambo geni. Liko kwenye kitabu cha kwanza tulichofundishiwa. Lakini sote, mimi na Mkuu na wale waliosimama kimya ofisini, tunachora ziwa likiwa limejaa, kwa sababu likijaa ndipo linapendeza. Nilipendezwa nikaacha kufikiri.

Nimechora mchoro wa pili. Bonde lile lile, mwezi wa kiangazi. Rangi ya kahawia imeniishia, nikamalizia kwa chai ya Mama.

Aprili 24

Mkuu amepiga simu.

"Nani kakuomba uchore kiangazi?"

"Hakuna, Mkuu. Lakini kitakuja."

"Kila ripoti inaonyesha maji yakiwa yamejaa."

"Ndiyo maana magati mengi yamesimama kwenye nyasi."

Kisha akasema kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi, "Mimi nilidhani wewe unalitaka ziwa hili kuliko sisi wote."

Nalitaka. Nimeliona, nimelisimamia ukingoni, nikifumba macho naliona bado. Ningekuwa na uwezo ningelileta asubuhi moja kila mwaka na kuliondoa kabla ya chai. Lakini ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, na mimi nimekuja hapa kuandika watu watafurahije. Nilimwambia aje aone mwenyewe.

Aprili 25

Sijamwambia Mama lolote. Anauliza, "Ziwa limefika wapi leo?" Namjibu, "Limelala."

Mei 6

Mkuu amekuja, na viatu vya ofisini. Mama alimpa chai na hakumlilia shida yoyote, hakumtaja dada yake hata kwa jina. Nilikuwa nimekaa roho juu nikingoja amtaje. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, "Mgeni hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa ajili ya maji."

Nilimpeleka Mkuu kwenye mlango wa jikoni, kwenye kigingi. Nikamwambia: hapa ni gati. Wewe ni baba wa watoto watatu, umebeba kikapu cha chakula, ni mwezi wa kiangazi. Maji yako kule kwenye mti ule uliokauka. Twende.

Tukaenda. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha kila kitu. Alianguka kwenye shamba la viazi, akaanguka tena karibu na shule, na mara ya tatu akateleza kwa makalio, akasimama mbele ya mbuzi aliyekuwa anatafuna bila kujali. Tulipofika kwenye mti suruali yake haikuwa na rangi tena. Alikaa kwenye jiwe, akavua kiatu, akamwaga tope.

"Mtoto wangu mdogo angekuwa amelia tangu kule juu," alisema.

"Na kurudi ni kupanda," nilimwambia.

Akatazama vigingi, vile vinukta vyekundu huko juu. Alivitazama kwa muda. Ni mtu aliyelibeba ziwa hili kichwani kwa miaka, kabla yangu, na nilimwonea huruma kweli.

"Litakuwa zuri likijaa," alisema.

"Nililiona, Mkuu. Ni zuri kuliko mchoro."

"Tuma michoro yote miwili," alisema, akavaa kiatu.

Mei 7

Nimetuma.

Mei 12

Kimya. Mvua zimepungua.

Mei 15

Kimya. Mwenye duka ananiuliza kama aagize na miavuli ya ufukweni. Nimemwambia auze majembe.

Mei 21

Mkuu amepiga simu asubuhi. Kamati imekaa. Ukuta mfupi.

"Walisema sababu?"

"Tope," alisema. "Mchoro wako wa kahawia ulibandikwa karibu na ule wa buluu. Mzee mmoja akauliza wageni watanawia wapi miguu. Basi, mjadala ukaishia hapo."

Hakuna aliyewataja kina mama wawili wanaoitana asubuhi. Hawamo katika sura yoyote, hata yangu. Mto utabaki mto, Mawe yatabaki Mawe, na kule chini kwenye korongo kutakuwa na ziwa dogo ambalo nitakwenda kujifunzia kuogelea.

Mama alikuwa anachagua maharage. Nilimwambia kwa haraka, bila utangulizi.

"Kwa sababu gani?"

"Tope, Mama."

"Tope?"

"Tope."

Akacheka. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akaacha kucheka, akakaa ameshika mdomo kwa mkono, na mabega yake yakatetemeka, na safari hii sikugeuka. Nilikaa karibu naye. Baada ya muda akajipangusa, akafunika maharage, akafunga kanga vizuri kiunoni, na kuanza kuteremka vidato. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akakipita kigingi bila kukitazama. Akapita jiko.

"Mama, humwiti kwanza?"

"Nikimwita atakuja yeye."

Nikamkimbilia nyuma. Njia ilikuwa imemsahau kidogo, naye aliilaumu kwa kila tawi lililomgusa uso, lakini hakupunguza mwendo. Chini kwenye mto alivua viatu akanipa, akakanyaga jiwe la kwanza, akafika katikati.

Na katikati akamkuta dada yake, kikapu kichwani, yuko njiani kama kila siku.

Walisimama kila mmoja kwenye jiwe lake, maji yanapita.

"Unakwenda wapi wewe?" Mama Mkubwa aliuliza. Sauti yake haikuwa kubwa, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kwako. Ukuta ni mfupi, Dada. Maji hayafiki hapa."

Mama Mkubwa alishusha kikapu kutoka kichwani. Alimtazama mdogo wake kuanzia miguu iliyolowa mpaka usoni, akanyoosha mkono akamshika shavu.

"Mwaka mzima navuka kila siku ili nishibe," alisema, "kumbe chakula chenyewe hakiishi?" Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akajikaza. "Haya, geuka. Tunakwenda kwako."

"Nimesema nakwenda kwako."

"Mimi nimeshateremka mlima!"

"Na mimi nimeruka?"

"Kwangu sijafagia."

"Siji kula ufagio."

"Mkubwa ni nani hapa?"

"Na mwenye deni la kutembelea ni nani? Rudi nyuma, Dada, unanizibia njia."

Hakuna aliyesogea. Nilitafuta jiwe kavu nikakaa, viatu vya Mama mapajani, miguu yangu majini, nikasubiri nijue chakula cha mchana kitaliwa ng'ambo ipi.